Beshte akikwambia "nitakutafuta" halafu kimya wiki kumi na moja, hapo husomaje?

SpanaKumiNaTatu (mwenye uzi)

Wasee habari za jioni, na wamama pia. Kuna kitu imenikaa kwa kichwa tangu mwezi wa tatu na mke wangu amechoka kuisikia kwa hivyo nimeileta huku.

Kuna jamaa tuliishi na yeye Kahawa West, bedsita moja, kuanzia 2013 mpaka 2016. Ile time ya ugali na maziwa mala siku tatu mfululizo, wenye mmepitia mnajua. Mimi nilikuwa ndio naanza kazi ya vipuri huku Grogan, yeye alikuwa kwa watu wa kuprinti River Road, tunalala mmoja kichwa huku mwingine kule kwa godoro ya futi tatu na nusu na hatukuwahi kosana, labda ile siku moja aliunguza sufuria akaificha kwa jirani. Alipopata bibi akahamia Kitengela, akabeba godoro na redio, meko ikabaki na mimi juu gari ilikuwa imejaa, nikamwambia akitulia nitampelekea. Baada ya hapo simu zikawa za Krismasi, zikawa za msiba, mwishowe ikawa ni kuonana kwa stetasi tu.

Sasa huo mwezi wa tatu niko kwa foleni ya supamaketi moja hapa tao, nageuka hivi, ni yeye. Tulikumbatiana mpaka yule dada wa kaunta akauliza kama tunalipa ama tunaoana. Amekonda kidogo lakini kicheko ni kile kile. Nikamwambia lazima siku moja twende Kamakis tukule nyama vizuri, siku mzima, tusiangalie saa. Akasema eeh eeh, lakini wacha, nitakutafuta. Wikendi hii nitakutafuta tukae chini. Akarudia, nitakutafuta, na akanishika bega. Namba yangu haijabadilika, akanibipu hapo hapo nikasevu yake.

Wikendi ikaja ikaenda. Ya pili nikasema labda ako na shughuli. Leo ni wiki ya kumi na moja. Na stetasi zangu anaangalia zote, kuna siku ni yeye wa kwanza, kwa hivyo simu iko, bando iko, macho yako.

Swali langu: ile "nitakutafuta" ilikuwa ahadi ama ilikuwa kwaheri? Na nikimpigia mimi si nitakuwa najipendekeza, juu ni yeye alisema atanitafuta?

RoysaDamu

Buda umeachwa na mwanaume mwenzako. Kunywa maji ulale.

KondaMstaafu

Roysa wacha mtu aulize.

Spana nisikize. Nimefanya ukonda kwa matatu za 58 miaka kumi na mbili, na kuna maneno nimesema labda mara laki moja: chenji utapata mbele. Watu wanadhani huo ni wizi tu. Kuna makanga wa kuiba, sikatai, lakini mimi wakati naisema nilikuwa namaanisha kabisa. Shida ni vile mkono uko. Uko na soo tano ya mtu wa nyuma, mia ya kijana wa dirishani, mama amekupea shilingi tano tano zimejaa kiganja, mnafika City Stadium mnakuta karao wamesimama, akili yote inahama inaenda kwa karao. Kufika Rabai Road mtu ashashuka anatembea na hasira yake, na mimi nimebaki na thelathini kwa vidole sijui hata ni ya nani.

Lakini kuna abiria walikuwa wanapata yao kila siku bila kelele. Mtu anagonga bega stage moja kabla ya yake: konda, thelathini yangu. Basi. Hakuna matusi. Na kuna wale walikuwa wanaona haya kuuliza thelathini, ati wataonekana aje. Hao ndio walininunulia chai miaka kumi na mbili, Mungu awabariki.

Jamaa yako labda anakumbuka kuna kitu alikuwa amebeba ya mtu lakini hajui aanzie wapi. Gonga bega.

MamaSukuma_Umoja

Mimi nauza mboga na niko na daftari, kwa hivyo hii maneno naijua kuliko nyinyi wote. Mtu akichukua sukuma na nyanya za themanini akaniambia "mama tutaonana", hiyo naandika lakini moyoni nimeshaifuta. Mtu akiniambia "Ijumaa jioni nikitoka job nakutumia", huyo analipa, hata akichelewa atakuja Jumamosi na kuomba msamaha. Sijui ni kwa nini lakini mtu akitaja siku ni kama amejifunga kamba mwenyewe. Jamaa yako alisema wikendi hii. Siku aliitaja. Kwa hivyo mimi kwangu hilo ni deni, si salamu.

MswahiliWaLikoni

Mimi nimeishi Nairobi mwaka wa sita sasa na bado mwanishangaza. Kwetu mtu akipita mlangoni mnakula utamwambia karibu, naye atajibu starehe, ataenda zake, na hakuna hata mmoja kati yenu anayefikiri kulikuwa na sahani yake pale. Lakini usipomkaribisha, hilo litasemwa mtaa mzima. "Nitakutafuta" ni hivyo hivyo. Watu waliopendana hawawezi kuachana kwenye foleni kwa "haya bai". Lazima uweke kitu cha kuwafunika. Hata kwaheri yenyewe ukiisema kamili ni kwaheri ya kuonana, sasa utamshika mtu umwambie mbona hatukuonana na ulisema ya kuonana?

Huyo ndugu alikupa heshima yako. Ipokee, ujibu starehe, uende.

MamaSukuma_Umoja

Adabu hainunui nyanya Marikiti dadangu.

MswahiliWaLikoni

@MamaSukuma haya mama, lakini huyu hadaiwi nyanya 😂

Mwalimu_Insha

Niruhusuni kidogo, hii ni kazi yangu. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na nawaambia ukisikiliza kitenzi vizuri hutahitaji kumuuliza mtu anamaanisha nini, kitenzi kimeshasema.

"Nitakutafuta": ni- ni mimi, -ku- ni wewe, kazi ni yangu. Muda haujulikani lakini mdaiwa anajulikana. Sasa linganisha na "tutafutane". Mmeona hiyo -an-? Sote wawili tumepewa kazi moja na hakuna aliyeandikiwa jina. Mimi nangoja wewe, wewe wangoja mimi, tunazeeka. Mtu akikuambia tutafutane, tuwasiliane, tuonane, tupigiane, jua ameigawa ahadi katikati na kila mtu amebaki na nusu isiyofanya kazi.

"Nikipata nafasi nitakutafuta": hapo kuna -ki-, ahadi imening'inizwa kwenye msumari, na msumari ni nafasi, na nafasi Nairobi nani anayo. "Ningekutafuta lakini": hiyo si ahadi tena, hicho ni kisingizio kimetangulia shughuli. Na ile ya mtaani inaonekana dhaifu lakini ndiyo ngumu kuliko zote, "nakupigia kesho". Ni kesho lakini anatumia -na-, kama vile ameshaanza kubonyeza namba. Vijana wangu wakiandika hivyo kwenye insha nawawekea alama nyekundu, lakini mtu akinitamkia hivyo huwa namwamini.

"Ntakucheki" sina la kusema. Mtu ambaye hata silabi ya kwanza hana muda wa kuimaliza.

RoysaDamu

Mwalimu na kucheki ni kuangalia. Jamaa ANAMCHEKI. Kwa stetasi. Kila siku. Ahadi imetimizwa, uzi ufungwe 🤣

TupangeMabibi

Mimi niko na swali ya pembeni kabla mfunge. Tuko grupu ya WhatsApp, wasichana saba tuliomaliza shule pamoja, na tangu 2019 tunasema "tupange". Mmoja anaandika mabibi tupange, wanaweka vidole gumba saba, mwingine anasema mwisho wa mwezi, mwingine anasema mwisho wa mwezi niko ushago, halafu mtu anatuma video ya mtoto akicheza na hiyo stori inaishia hapo mpaka Disemba. Mara moja tu ndio tulikutana wote saba. Mazishi ya mama ya mmoja wetu, Murang'a. Tukiwa kwa hema tukasema hii haiwezi kuwa ndio njia ya kuonana, lazima tupange. Vidole gumba saba.

Mwalimu hiyo tu- ya tupange ni ya nani?

Mwalimu_Insha

Ya yule atakayechoka kwanza.

MzeeWaKibanda

Nyinyi mnalaumu vitenzi na adabu, mimi nalaumu bei.

Miaka ya tisini mtu akikuambia tuonane, alikuwa hana njia ya kukuambia baadaye kwamba amebadilisha. Kwa hivyo alisema kila kitu hapo hapo: Jumamosi, saa nane, nje ya Archives, nisipokuwa nimefika saa tisa jua kuna shida. Na ulienda. Ulisimama pale na gazeti ukajifanya unasoma. Wengine walikuwa wanapenda Hilton, ambayo nayo ilifungwa 2022 kwa hivyo hata pa kungojana pamepungua. Ukitaka kupiga simu ulipanga foleni kwa vibanda vya simu pale Posta Kuu na sarafu zako mkononi, na aliye ndani anaongea na mpenzi wake Kisumu kama amenunua kibanda.

Safaricom na Kencell zikaanza 2000, na dakika ilikuwa dakika kweli kweli, kuna laini ukizidisha sekunde moja unakatwa dakika nzima. Mtu akisema "nitakupigia" alikuwa anakuambia nitakutolea pesa. Wasio na pesa walibipu, na baadaye tukapata ile meseji ya bure ya kuomba upigiwe, na hapo napo ulijua rafiki ni nani, ni yule anayepiga. Halafu Agosti 2010 Zain, ndio wale Kencell wa zamani, wakashusha mpaka shilingi 3 kwa dakika, wengine wakafuata, sisi tukashangilia. Mimi nilishangilia pia. Lakini tangu siku hizo neno "nitakupigia" halijawahi kupona. Kitu ambacho unaweza kukifanya saa yoyote kwa senti chache huna haraka nacho. Zile tiki mbili za bluu za WhatsApp zilipoingia Novemba 2014 ndio kabisa, sasa hata kunyamaza kumekuwa na risiti.

RoysaDamu

Guka heshima, lakini 1995 si pia mlikuwa mnaachwa hapo Archives na gazeti yenu?

MzeeWaKibanda

Mara nyingi sana. Lakini saa tisa na dakika moja ulikuwa umejua. Si wiki kumi na moja.

NiMimiHuyo

Nimesoma huu uzi nikaweka simu chini, nikairudia, nikaweka tena. Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu.

Spana mimi si huyo jamaa wako, mimi naishi Rongai, lakini mimi ni yeye. Kazi yangu iliisha Oktoba, kampuni ilipunguza watu tukaenda kumi na wanne siku moja. Februari nikakutana na mtu tulikua pamoja, hapo stage ya Railways, na nikamwambia maneno hayo hayo, nitakutafuta bro, tukae chini. Na nilikuwa namaanisha, naapa. Halafu nikapanda gari nikaanza kuhesabu. Kutoka Rongai kwenda tao na kurudi ni kama mia mbili hamsini ukipata gari nzuri, mkikaa mahali huwezi agiza maji peke yake mbele ya mtu aliyekujua ukiwa na kazi, akisema analipa sawa leo amelipa na ya pili je, na kabla hata chakula ije ataniuliza "kazi inaendaje" na mimi nitasema iko tu, na nikishasema iko tu basi nimemdanganya mtu pekee ambaye sikuwa nimewahi kumdanganya. Kwa hivyo nikasema wacha nikae sawa kwanza halafu nimtafute nikiwa mtu. Sasa ni mwezi wa sita na sijakaa sawa na kila wiki inayopita inakuwa ngumu zaidi, juu sasa nitaanza na nini, samahani nilipotea?

Stetasi zake naangalia zote. Najua jina langu linaonekana pale chini. Hiyo ndio namna yangu ya kumpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara.

Ni hayo tu. Mwalimu hapo kwa nitakutafuta kulikuwa na "nikikaa sawa" mbele yake, nilikuwa nimeimeza.

Mwalimu_Insha

Ndugu, hiyo -ki- iliyomezwa sikuiweka kwenye orodha yangu, na ndiyo nyingi zaidi. Asante kwa kunisahihisha.

KondaMstaafu

@NiMimiHuyo pole sana kiongozi. Huyo mtu wako wa Railways anaangalia stetasi zako pia? Weka kitu kesho, hata picha ya mvua.

SpanaKumiNaTatu

Nilikuwa nimeacha huu uzi nikaenda kula nikarudi nikapata hii ya NiMimiHuyo na sijamaliza kula.

Kuna kitu sikuwaambia juu sikuona ni kitu. Hapo kwa kaunta jamaa alikuwa mbele yangu. Alikuwa na unga wa kilo mbili, majani ya chai yale madogo, na pampasi. Akauliza bei ya pampasi, dada akamwambia, akauliza tena kama hakusikia, halafu akasema basi hiyo wacha, nimekumbuka iko nyumbani. Ikawekwa kando. Na mimi nyuma yake niko na toroli imejaa mpaka juu, na kitu ya kwanza kutoka kwa mdomo yangu baada ya kumkumbatia ni Kamakis. Nyama. Siku mzima. Tusiangalie saa.

Yaani nilikuwa naangalia na sikuona.

MswahiliWaLikoni

Haya ndiyo niliyokuwa nasema kuhusu kufunika, ila mimi sikujua anachofunika. Narudisha "starehe" yangu. Mtafute.

MamaSukuma_Umoja

Spana mimi nimerudi juu nikasoma posti yako ya kwanza tena pole pole, vile husoma daftari. Kuna mahali umeandika meko. "Nikamwambia akitulia nitampelekea."

Meko iko wapi?

RoysaDamu

😳

KondaMstaafu

Weeeeh. Mama ameshika chenji kwa mkono wa Spana.

SpanaKumiNaTatu

Iko chini ya sinki. Nimetoka kuiangalia. Mke wangu huwekelea ndoo juu yake, mimi nilidhani anajua ni yetu, nimemuuliza amesema siku zote alidhani ni ya mwenye nyumba.

Mungu wangu. 2016.

RoysaDamu

Kwa hivyo jamaa amechelewa wiki kumi na moja, wewe miaka tisa, na ni wewe umefungua uzi. Hii sasa ndio naweka stetasi.

MzeeWaKibanda

Mpigie. Usiandike meseji, meseji atakaa nayo siku tatu akitafuta jibu. Piga.

Mwalimu_Insha

Na usianze na "ulisema utanitafuta". Sentensi hiyo haina jibu zuri hata akiwa malaika.

MswahiliWaLikoni

Msalimie kwanza, umuulizie bibi na watoto, salamu iwe salamu. Halafu mwambie meko yake unayo na unataka kuileta, lini kuzuri. Hapo wewe ndiwe mwenye kosa na yeye ndiye wa kusamehe. Mtu ambaye hana kitu mpe cha kusamehe, utamwona anavyokaa wima.

MamaSukuma_Umoja

Na usimwite nje. Enda kwake. Hapo kwake hakuna bili inaletwa kwa mkebe. Na usiende mikono mitupu, beba mkate, maziwa, sukari kilo mbili. Na pampasi.

MswahiliWaLikoni

Pampasi la, mama. Pampasi itamwambia kwamba siku ile ulimwona.

MamaSukuma_Umoja

Mtoto hajui hayo ya kuonwa dadangu, mtoto anajua amelowa.

MswahiliWaLikoni

Basi ziwe ndani ya karatasi na vitu vingine, amkabidhi bibi jikoni, asizitaje.

MamaSukuma_Umoja

Hapo sawa.

TupangeMabibi

Mimi nalia na niko kwa basi.

NiMimiHuyo

Spana ukimpigia, akikuuliza uko aje, usiseme niko poa sana. Sema tu ukweli, mambo ya jam na landilodi na watoto kukataa mboga. Sisi huwa tunasikiza hapo.

SpanaKumiNaTatu

Nimepiga. Saa mbili usiku kasoro. Ikalia mpaka ikakata. Nikakaa nikasema haya, ndio hiyo, nimejibiwa. Mke wangu akaniambia niwache kushika simu kama thamomita.

Dakika kama ishirini hivi akapiga. Alikuwa anaogesha mtoto, maji yalikuwa yanasikika. Tukasalimiana, nikauliza bibi, nikauliza watoto, ni wawili, mdogo ana miezi minane. Akaniuliza uko aje nikamwambia duka limekauka tangu mwezi wa nne na mtoi wangu ametoboa sofa na bisibisi, akacheka. Halafu nikamwambia bana meko yako iko hapa, na nimekaa nayo vibaya.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kumbe anacheka bila sauti, vile alikuwa anacheka usiku Kahawa tukiogopa kuamsha jirani. Akasema ile ya mtungi wa kijani? Nikamwambia ile ile, na ile grili yenye mguu mmoja mfupi. Akaita bibi yake, nikasikia akimwambia, si nilikwambia ataileta. Miaka tisa amekuwa akimwambia nitaileta!

Halafu mwenyewe akaanza, ati hata mimi nilikuwa nimesema nitakutafuta, unajua mambo imekuwa, nikamwambia wacha hiyo, Jumapili uko? Akasema niko. Saa saba. Chai iko, nyama haiko, alisema hivyo tu wazi. Nikamwambia nimechoka na nyama. Hakusema atanitafuta nikifika, amesema nitakuwa nimesimama hapo nje ya kinyozi, ukishuka utaniona.

Mwalimu_Insha

"Nitakuwa nimesimama." Mmesikia hicho kitenzi?

RoysaDamu

Mwalimu wacha tu, tumesikia. Hata mimi nimesikia.

NiMimiHuyo

Nimeweka picha ya mvua. Ameiona dakika nne iliyopita. Sasa anaandika, naona vile vidoti.

KondaMstaafu

USITOKE HAPO

SpanaKumiNaTatu

Jumapili, saa tano na nusu. Niko kwa gari ya Kitengela, bado hatujatoka, makanga anasema ni wawili tu gari iende na mimi naona viti tano. Meko iko katikati ya miguu yangu, mtungi ni mtupu msianze, bibi ya mtu ameiosha mpaka inang'aa. Karatasi nimeshikilia juu, pampasi ziko chini ya mkate. Nimechajiwa soo moja ya mzigo, nimetoa soo tano ya mzigo na nauli pamoja. Chenji amesema nitapata mbele.

KondaMstaafu

Usingoje Kitengela. Mkifika Mlolongo mgonge bega.